Mpunga, mchele, wali: nilivyolielewa neno psheno

Rafiki yangu aliugua siku tatu kwa sababu ya herufi chache, na mpishi nilikuwa mimi.

Ilikuwa Novemba 2008, mjini Voronezh, kusini ya Moscow. Nilikuwa na miezi miwili tu Urusi, bado nasoma lugha kabla ya kuanza masomo yenyewe ya kilimo. Bwenini nililala chumba kimoja na dada mmoja Mkenya, mtu wa Busia, aliyenitangulia miaka miwili. Dada yule ngano ilikuwa haramu mwilini mwake. Alikuwa na siliaki, ule ugonjwa ambao mtu akila ngano, shayiri au rai, mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe. Mkate hagusi, tambi hagusi, chapati alikuwa akizisimulia tu. Katika nchi ambayo mkate hauondoki mezani, yeye aliishi kwa wali, viazi, na uji wa punje za njano uliopikwa kwa maziwa. Uji huo aliuita kasha ya psheno.

Siku ile alikuwa na mtihani. Nikamwambia, leo pumzika, nitapika mimi. Nikashuka dukani. Pakiti za nafaka zilikuwa zimepangwa kwenye rafu bega kwa bega, zote na maandishi ya Kirusi, na mimi Kirusi bado nakisoma kwa kufuatisha kidole kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa natafuta neno pshonnaya. Nikakuta pakiti inaanza na herufi zilezile, ndani mna chembe za manjano. Moyo ukatulia. Sikufika mwisho wa neno.

Niliyochukua ilikuwa pshenichnaya. Neno la kwanza ni la ile nafaka ndogo aliyokuwa akiila rafiki yangu kila siku. La pili ni la ngano, ngano iliyopasuliwa chenga. Na tatizo linazidi kwa sababu sauti ya "yo" iliyomo katika neno la kwanza Warusi huiandika kwa herufi ya "e" yenye nukta mbili juu, na mara nyingi nukta hizo hawaziweki. Kwa hiyo kwenye pakiti maneno hayo mawili yanaanza sawasawa kabisa, na mgeni mwenye haraka hana pa kushika.

Nilipika kwa maziwa na sukari kidogo. Alikula huku macho yako kwenye daftari. Usiku wa manane nikamsikia anainuka, anakimbilia chooni, anarudi, anainuka tena. Alfajiri uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikamletea pakiti aione. Aliisoma mara moja tu, akafumba macho.

"Dada, hukujua," akaniambia. "Lakini nenda kwa bibi wa mlangoni akufundishe. Mimi leo sina nguvu ya kufundisha."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Bibi wa mlangoni alikuwa mama mtu mzima aliyekaa zamu kwenye mlango wa bweni, mwenye funguo zetu zote na habari zetu zote. Nilimwita babushka kama wengine walivyomwita. Nikaweka pakiti ile mezani pake, na kwa Kirusi changu cha miezi miwili nikamweleza nilichofanya. Akatikisa kichwa, akaingia kwenye kijistoo chake, akatoka na mfuko wa psheno yake mwenyewe. Akamimina konzi moja ya kila nafaka juu ya gazeti, mbalimbali.

Hapo ndipo nilipoziona kwa mara ya kwanza. Psheno ni punje kamili, duara, ndogo kama kichwa cha pini, njano ya kiini cha yai, na kila moja ina kidoa kidogo. Ile ya ngano ilikuwa na pembe pembe, kama kitu kilichovunjwa, na rangi yake ni ya mchanga. Ukiziona pamoja huwezi kuzikosea. Mimi nilikuwa nimezisoma, sikuwa nimeziangalia.

Kisha akanipa somo ambalo sikulipata darasani mwaka ule mzima. Akanyoosha mkono juu ya sakafu hadi usawa wa kiuno, kama anayeonyesha urefu wa mmea: "Proso." Akafumba ngumi mbili, moja juu ya nyingine, akawa anapandisha na kushusha hewani, tup, tup, tup. Akafungua mkono, akaonyesha zile punje za njano: "Psheno." Mwisho akafanya kama anakoroga sufuria, akapeleka kijiko mdomoni: "Kasha."

Nilisimama pale nikahisi nywele zinanisimama. Mpunga, mchele, wali.

Kile kitendo cha ngumi mbili nilikijua tangu nilipokuwa mgongoni mwa mama. Ni mchi na kinu. Warusi huita kinu stupa. Na neno psheno, nilivyokuja kuelewa baadaye, limetoka kwenye kitenzi cha kale cha Kislavoni, lugha mama ya Warusi, Wapoland na ndugu zao, kilichomaanisha kutwanga. Psheno ni "iliyotwangwa". Haitaji mmea wala rangi. Inataja kazi ambayo mwanamke ameifanya juu ya proso mpaka ikavua ganda. Na ngano, pshenitsa, imezaliwa na kitenzi hichohicho: nayo ni nafaka ya kutwangwa. Ndiyo maana nilizikosea. Ni ndugu wa tumbo moja kwa jina, ingawa shambani hazina udugu wa karibu wowote.

Katika Kirusi cha leo kitenzi hicho kimebaki na maana ya kusukuma tu, kama watu wanavyosukumana kwenye basi. Kwa Wapoland nacho ni kusukuma. Lakini Waslovenia, kule milimani kusini, wamekitunza: phati kwao ni kutwanga nafaka ili itoke ganda, na kilichotwangwa ni pšeno. Nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyekuta kinu cha ukoo bado kinatumika.

Rafiki yangu alipopata nafuu tulianza ubishi uliodumu majira yote ya baridi. Proso kwa Kiswahili ni nini? Kamusi ya bweni ilisema mtama. Yeye akasema hapana, ni wimbi. Mimi nikasema wimbi ndiyo nini? Akanishangaa. Kumbe wimbi la Kenya ndilo ulezi la Tanzania, na tulikuwa tumekunywa uji uleule utotoni kila mtu na jina lake. Nami nilikuwa na langu: proso ni uwele, basi. Kwetu Kongwa, mkoa wa Dodoma, mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, na uwele ndio uliotulea.

Tukamaliza ubishi tulipopata picha kwenye kitabu changu cha mimea. Suke la uwele limesimama, limejaa, kama burashi ya kuoshea chupa. Suke la ulezi ni vidole vya mkono vilivyokunjwa, na Wazungu wenyewe wanauita kwa vidole hivyo. Mtama una kichwa kizito na punje kubwa. Suke la proso limeachana, limeinama upande mmoja kama fagio linalochuruzika maji. Siyo hata mmoja wa wetu. Lugha zinazotia nafaka zote ndogo kwenye kapu moja la jina moja ndizo zilizotupoteza, kwa sababu sisi kila moja tumeipa jina lake, na hii hatukuipa kwa kuwa haikuwa kwetu. Siku hizi ninapofasiri maandishi ya kilimo naandika proso, basi, na chini yake naeleza kuwa ni nafaka ndogo ya jamii ya karibu na uwele. Waingereza nao wamelichukua neno hilohilo kwa Waslavoni. Hakuna aibu.

Kwetu proso haikufika, lakini kwao nako ilitoka mbali. Ilianza kulimwa kaskazini mwa China maelfu ya miaka iliyopita, ikavuka Asia ya kati, na kufikia karne ya 16 kabla ya Kristo ilikuwa imeshafika nchi inayoitwa Ukraine leo. Inakomaa ndani ya siku 60 hadi 90 na haidai maji mengi. Mkulima akiona ngano yake imekufa kwa baridi, bado ana nafasi ya kupanda proso na kuvuna kabla ya majira kugeuka. Mtu wa Dodoma hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Mwalimu mmoja wa Kiarabu, Mzanzibari, ndiye aliyenipa kitu ninachokithamini kuliko vyote katika habari hii. Nilimsimulia juu ya psheno, akanisomea Ibn Rusta, mwandishi wa Isfahan, Uajemi, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 10. Ibn Rusta anasema kilimo kikubwa cha Waslavoni ni dukhn, jina la Kiarabu la nafaka hizi ndogo. Wakati wa mavuno, anasema, huchota punje zake kwenye upawa, wakauinua mbinguni, wakamwomba Mola aliyewapa riziki awatimizie. Mwalimu aliposoma alirudia neno moja mara mbili, polepole: razaqtanā. Uliyeturuzuku. Riziki, neno letu la kila asubuhi, limeandikwa pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita juu ya watu wa misitu na theluji walioinua konzi ya proso. Na miaka 300 hivi kabla yake, kitabu cha vita cha Wagiriki wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kinachohusishwa na mfalme Maurice, aliyetawala 582 hadi 602, kilikuwa kimeshasema kuwa Waslavoni wana marundo ya nafaka hizohizo.

Mwaka 2014 nilikwenda Lublin, mashariki mwa Poland, kwa masomo ya uzamili. Nilijiamini. Nikafika sokoni, nikamwomba mama muuzaji pszono, nikijua Kipolandi na Kirusi ni jirani. Akanikazia macho. "Pszenica?" Ngano tena! Nikarudi nyuma hatua nzima, nikikumbuka uso wa rafiki yangu alfajiri ile. Nikamwonyesha kwa kidole punje za njano kwenye gunia lake. "Aa," akasema, "kasza jaglana."

Pszono imewahi kuwa neno la Kipolandi, lakini limezeeka. Wapoland mmea wanauita proso kama Waslavoni wote, ila ukishakobolewa unaitwa jagły. Wacheki nao: proso shambani, jáhly jikoni. Waslovakia wana pšeno, na jina lile la jáhly wanalo pia. Waukraine wanasema pshono, na wanaipika kwa mafuta ya nguruwe, chakula cha safari cha Makozaki, wapiganaji wapanda farasi wa zamani, kiitwacho kulish. Wabulgaria na Waserbia wameniambia ni proso tu, mwanzo hadi mwisho, ukitaka kutaja iliyokobolewa unaongeza kuwa imekobolewa. Kule mahindi yaliingia kwa nguvu, vinu vya proso vikakaa kimya, na mimi naamini neno la hatua ya pili liliondoka na kazi yake. Angalia watoto wa mjini kwetu wanaoita kila kitu mchele, iwe gunia, sufuria au sahani. Hawajawahi kuona mpunga.

Katika nyumba niliyopanga Lublin, mama mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu. Jioni moja ya baridi tulikuwa tunachambua psheno mezani, samahani, jagły, tukitoa punje nyeusi zilizobaki na ganda. Akaniuliza habari za kwetu. Nikamweleza juu ya bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa akikaa kizingitini asubuhi, mimi namshikia kioo, na yeye kwa kibanio kidogo cha chuma anang'oa kope zake moja moja. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, zinamkwaruza jicho kila anapopepesa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe. Alikuwa akiniambia, "Sogeza kioo, mjukuu wangu, jua linanipiga," na mimi nasogeza, na chozi linamtiririka bila yeye kulia.

Mama mwenye nyumba akaacha kuchambua. "Jaglica," akasema.

Nikadhani amerudi kwenye chakula. Hapana. Alikuwa akitaja ugonjwa. Akachukua punje chache kutoka kwenye bakuli, akaziweka kiganjani, akazilowesha kwa tone la chai, akanionyesha. Ukigeuza ukope wa juu wa mtoto mwenye ugonjwa huo, akasema, ndani unaona hivi: vipele vidogo, duara, vimesongamana kama jagły zilizoanza kuiva. Wapoland wa zamani waliviona, wakauita ugonjwa kwa jina la nafaka. Alikuwa amewahi kusomeshwa namna ya kuutambua akiwa kijana, ingawa wagonjwa wenyewe aliwaona wachache.

Nilitazama kile kiganja muda mrefu. Kwetu tunaita vikope, madaktari wanasema trakoma, na Kongwa ni moja ya mahali ambapo watafiti wa ugonjwa huo wamefanya kazi kwa miaka mingi. Ni maambukizi ya bakteria, yanapita kwa vidole, vitambaa na nzi, mtoto kwa mtoto, na yakirudia rudia miaka na miaka yanaacha kovu linaloukunja ukope. Nilizijua habari hizo zote. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia jicho la bibi yangu lilianzaje, likiwa la mtoto bado, kabla ya kovu. Muuguzi wa Kipolandi alinionyesha kwa punje tano na tone la chai.

Na si macho tu. Kifua kikuu kinachosambaa mwilini kwa vidonda vidogo vidogo, Wapoland wanakiita kwa jina lililotokana na proso. Watu waliokula nafaka hii kila siku waliitumia kama kipimo cha kila kilicho kidogo na duara na kingi.

Nimeandika haya kwa sababu nimekutana na vijana wetu kadhaa wanaokwenda kusoma nchi hizo, na wale wenye tumbo lisilotaka ngano huniuliza wale nini. Nawaambia wasome neno mpaka mwisho, na kabla ya kununua waiangalie punje: duara na njano, siyo chenga. Halafu waioshe kwa maji ya moto mara nyingi, mpaka maji yatoke meupe, kwa kuwa mafuta ya punje hizi zikishavuliwa ganda huharibika upesi na kuleta uchungu. Babushka wa Voronezh alikuwa akiiosha maji saba. Alihesabu kwa sauti. Rafiki yangu, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, bado anaihesabu hivyohivyo kwa Kirusi akipika, na hajawahi tena kunikabidhi sufuria bila kuchungulia pakiti.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilibeba kilo mbili. Mama yangu alikuwa uani, kinu kiko palepale kando ya ukuta, ingawa siku hizi uwele mwingi unapelekwa mashine. Nikamshika miguu, tukasalimiana, nikafungua mfuko.

"Hii ndiyo niliyokuwa nakula kule, mama."

Akatia mkono, akaziacha zichuruzike kati ya vidole. "Mawele ya wapi haya, yamekuwa manjano hivi?"

"Siyo mawele. Wenyewe wanaita psheno."

"Maana yake?"

"Iliyotwangwa."

Akachukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga kama anayetafuta tundu la sindano. Akaitia mdomoni, akaiuma kwa meno ya mbele.

"Hii haikutwangwa," akasema. "Ingetwangwa ungeona imebanduka banduka, na vumbi lake limo. Hii wameipitisha mashine ikaisugua mpaka ikateleza. Nani alikudanganya?"

Nikamweleza kuwa jina ni la zamani, la wakati wa kinu. Alisikiliza huku ameshasimama. Akaenda ukutani, akatungua ungo, akamimina ile psheno yote ndani, akageukia upande wa upepo, akaanza kuipeta.